Chipu, RRBS, jenomu nzima au nanopo: upime methilesheni ya DNA kwa njia ipi?

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alikuja ofisini na orodha ya sampuli 48: vipande vya umio vya wagonjwa 24, kila mgonjwa na kipande cha uvimbe na kingine cha nyama nzima, yaani isiyo na uvimbe, ya jirani, vyote vimehifadhiwa kwa fomalini na nta. "Dokta," akasema, "fedha nilizonazo zinatosha njia moja tu ya kupima methilesheni. Nichague ipi?" Nikamrudishia swali ambalo huwa nalianzia kila mara: CpG unazozitafuta, yaani zile jozi za herufi C na G ambako methili hubandikwa kwenye DNA, zinakaa wapi? Kisiwani, ufukweni au bahari kuu?

Majina hayo ya bahari sikuyabuni mimi. Ndiyo yanayotumiwa na wanaosoma methilesheni, na msomaji wa mwambao hatapata taabu nayo. Ila tuipitie ramani kwanza, maana ukichagua kifaa kabla ya kujua ramani unaweza kutumia bajeti yote na kurudi na ukurasa wa sifuri.

Kwa mamalia, methilesheni ni kikundi cha methili kinachobandikwa kwenye kaboni ya 5 ya sitosini, na mara nyingi mno sitosini hiyo ni ile inayofuatwa na guanini kwenye uzi huohuo. Jozi hiyo ndiyo CpG. Jenomu ya binadamu ina CpG takriban milioni 28, na asilimia 70 hadi 80 kati yake hubeba methili. Kwa kiasi cha C na G tulichonacho, zingepaswa kuwa mara nne au tano ya hapo. Zilikwenda wapi? Sitosini yenye methili ikipoteza kikundi chake cha amini hugeuka thaimini, ambayo ni herufi halali ya DNA, hivyo mitambo ya ukarabati ya seli huipita mara nyingi bila kuishtukia. Kwa mamilioni ya miaka CpG zikamomonyoka. Zilizosalimika kwa wingi ni zile ambazo hazikuwa na methili katika seli za uzazi, na huko ndiko viliko visiwa.

Adrian Bird na wenzake walivionyesha mwaka 1985 kwenye DNA ya panya, kwa kimeng'enya HpaII ambacho hukata CCGG isiyo na methili: sehemu ndogo tu ya jenomu ilikatika vipande vidogovidogo, nyingine yote ikabaki nzima. Mwaka 1987 Gardiner-Garden na Frommer wakaweka kipimo kinachotumika mpaka leo: urefu wa herufi 200 au zaidi, C na G zikizidi nusu, na CpG zikizidi 0.6 ya idadi inayotarajiwa. Takai na Jones walikaza masharti mwaka 2002: herufi 500, asilimia 55, uwiano wa 0.65, ili kuviondoa vipande vya Alu, vinavyojirudia kote kwenye jenomu, vilivyokuwa vinajifanya visiwa. Promota za jeni zetu, yaani sehemu za kuwashia jeni, kama saba kati ya kila kumi, zimekaa juu ya visiwa. Herufi 2,000 za kila upande wa kisiwa huitwa ufukwe, 2,000 zinazofuata ni maji ya kina kifupi, na kwingine kote ni bahari kuu.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Visiwa vingi vya tishu ya kawaida ni vitupu. Havina methili kwa mgonjwa, havina kwa mzima, havikuwa nayo jana, na kesho havitakuwa nayo. Ukipima visiwa vya damu ya mama mjamzito mwenye lishe duni na vya mwenzake mwenye lishe nzuri, utapata sifuri dhidi ya sifuri karibu kote. Tofauti za tishu, umri, moshi wa sigara na lishe huonekana zaidi kwenye fukwe na kwenye maeneo ya mbali yanayochochea jeni. CpG mashuhuri kuliko zote kwa wavutaji wa sigara, cg05575921, iko ndani ya mwili wa jeni AHRR, si kwenye promota yake. Visiwa vinavyobeba methili kihalali ni vile vya kromosomu X iliyozimwa kwa wanawake, vya jeni zenye chapa ya mzazi mmoja (zinazofanya kazi kwa nakala ya mama au ya baba peke yake), na vichache vya jeni za seli za uzazi. Halafu kuna saratani, ambako visiwa vya jeni kama MLH1 na MGMT hufunikwa na methili na jeni hunyamaza. Kwa hiyo swali la saratani mara nyingi ni la kisiwani. Swali la mazingira na makuzi mara nyingi si la huko.

Chipu au RRBS

Kwa maabara nyingi huu ndio uamuzi wenyewe, nami nitakaa hapa zaidi.

Chipu ya kampuni ya Illumina ina vichunguzi vilivyopandikizwa tayari, kila kimoja kwa CpG yake. Ilianza na CpG 27,000 hivi, mwaka 2011 ikafika zaidi ya 480,000, toleo liitwalo EPIC likapita 850,000, na toleo la pili la EPIC limezidi 930,000. Hiyo ni kama asilimia 3 ya CpG zote za binadamu, lakini si asilimia 3 ya kubahatisha: zilichaguliwa kwenye visiwa, fukwe, na kwa EPIC hasa, kwenye maeneo yanayochochea jeni. Kila sampuli inapimwa kwenye CpG zilezile, kwa hiyo jedwali lako halina mapengo makubwa. Uchambuzi unafanyika kwenye kompyuta ya kawaida kwa programu za bure za lugha ya R kama minfi. Na una maelfu ya tafiti za kulinganisha nazo: saa ya umri ya Horvath ya mwaka 2013, inayokadiria umri wa mtu kwa methilesheni ya CpG 353, ilijengwa kwa data za chipu.

RRBS (reduced representation bisulfite sequencing), iliyoelezwa na Meissner na wenzake mwaka 2005, inapita njia nyingine. Unakata DNA kwa kimeng'enya MspI, ambacho hukata CCGG iwe na methili ndani yake au isiwe nayo, unachagua vipande vifupi, unavigeuza kwa bisalfaiti, kemikali inayobadilisha C zisizo na methili, kisha unavisoma. Palipo na CCGG nyingi ndipo panapotoa vipande vifupi, na pale ni kisiwani. Kwa kusoma kama asilimia moja tu ya jenomu unapata CpG kati ya milioni 1 na milioni 4 na visiwa vingi mno. Bahari kuu inabaki nje karibu yote.

Ukiziweka kando kwa kando, kwa binadamu mimi husimama na chipu, na sababu ni hesabu. CpG iliyosomwa mara 10 haiwezi kukupa jibu lenye hatua ndogo kuliko asilimia 10. Kama ukweli wake ni asilimia 50, kosa la kawaida la kipimo hicho ni pointi 16 hivi. Ukiisoma mara 30 ni pointi 9. Mara 100, pointi 5. Tafiti za damu hutafuta tofauti za pointi 2 mpaka 5. RRBS iliyosomwa juujuu haitaziona, ilhali chipu, ambayo hupima mwanga wa mamilioni ya molekuli kwa pamoja, inaweza kuziona ukiwa na watu wa kutosha. Isitoshe, CpG zinazopatikana kwa RRBS hutofautiana kutoka sampuli hadi sampuli, na ukiwa na sampuli 100, zile zilizosomwa vizuri kwa wote hupungua vibaya.

Lakini chipu hii imefungwa kwa binadamu. Ipo ya panya, na ipo ya mamalia wote yenye takriban CpG 36,000 zilizo sawa kwa spishi nyingi, nzuri kwa saa za umri, ila imechagua zile tu ambazo mageuzi hayakuzigusa. Mwenye swali la ng'ombe zebu, mbuzi, popo au nyani, anayetaka kuona zaidi ya hapo, aende RRBS bila kusita. Haihitaji kingine ila jenomu ya rejea, yaani ile iliyokwisha kusomwa ya spishi hiyo. Mfano mzuri uko Amboseli, Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulitumia RRBS kwenye damu ya nyani 245 wa porini wanaofuatiliwa tangu kuzaliwa, ukajenga saa ya umri, ukakuta madume wa cheo cha juu wanaonekana wazee kuliko miaka yao. Dume aliyeshuka cheo, saa yake ilipungua kasi. Kitu hicho hakikuhitaji jenomu nzima.

Kuna jambo la pili la chipu ambalo linatuhusu sana sisi tunaofanya kazi na sampuli za Afrika Mashariki. Vichunguzi vilibuniwa kwa kufuata jenomu ya rejea, na watu wa Afrika wana tofauti nyingi zaidi za herufi. Herufi ikibadilika chini ya kichunguzi, hasa kwenye ile C au G yenyewe, mashine inasoma kinasaba na kukiita methilesheni. Utaijua kwa sura yake: thamani zinajikusanya makundi matatu, karibu na 0, karibu na 0.5 na karibu na 1, kama wazazi walivyorithisha. Orodha za vichunguzi vya kutupa zipo, lakini tumia iliyotengenezwa kwa kuangalia jenomu za Waafrika, wala usiridhike na ile ya Wazungu peke yao.

Na moja nimeliona kwa macho yangu. Chipu moja ya EPIC ina nafasi za sampuli 8. Katika mradi mmoja niliowahi kushiriki, wagonjwa walipakiwa kwenye chipu za kwanza na wazima kwenye za mwisho, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vimepangwa kwenye friza. Tofauti "zilizopatikana" zilikuwa elfu nyingi na nzuri mno. Hakuna takwimu iliyoweza kutenganisha ugonjwa na chipu. Data zile hazikuchapishwa, na damu ya watu waliojitolea ilipotea bure. Bado inaniuma.

Bisalfaiti au vimeng'enya

Bisalfaiti ya sodiamu ndiyo mama wa fani hii tangu Frommer na wenzake walipoitumia mwaka 1992. Inageuza C isiyo na methili kuwa U, ambayo baada ya PCR, yaani kuinakili DNA mara nyingi, husomwa T. Yenye methili hubaki C. Rahisi, inaeleweka, na chumvi zake zinakaa kwenye kabati bila friji. Gharama yake ni DNA yenyewe: asidi na joto huikatakata, na sehemu kubwa ya ulichoanza nacho haifiki mwisho.

EM-seq, njia ya vimeng'enya, inafika palepale kwa upole. Kimeng'enya TET2 na kingine kinachobandika sukari hukinga sitosini zenye methili, kisha kimeng'enya APOBEC hugeuza zilizobaki. Vipande vinabaki virefu, visiwa vyenye C na G nyingi husomwa kwa usawa zaidi, na nanogramu 10 zinatosha. Kwa DNA ya plasma, au ya mtoto mchanga aliyetolewa tone la damu, ningechagua hii. Ila angalia mambo mawili kabla ya kuagiza. Vimeng'enya vinataka ubaridi usiokatika tangu uwanja wa ndege hadi friza yako, na kama umeme wako unakatika saa sita kwa siku bila jenereta, bisalfaiti itakutendea haki zaidi. Pia TET2 huzuiwa na kemikali ya EDTA, na sisi wengi tumezoea kuhifadhi DNA kwenye TE, kimiminika chenye EDTA hiyo. Isafishe kwanza, vinginevyo kinga ya C itashindwa na sampuli itaonekana haina methili.

Zote mbili zina upofu mmoja: haziwezi kutenganisha methili na haidroksimethili, umbo ambalo vimeng'enya vya TET hulitengeneza na ambalo limejaa kwenye seli za ubongo. Anayesoma ubongo asizitumie peke yake.

Na kwa njia yoyote kati ya hizi, weka ndani ya kila sampuli chembe ya DNA ya virusi vya lambda isiyo na methili. Kama haikugeuka kwa asilimia 99 au zaidi, usiendelee.

Jenomu nzima kwa vipande vifupi, au nanopo

Kusoma jenomu nzima baada ya bisalfaiti kulizaa ramani za kwanza kamili za binadamu mwaka 2009, kazi ya Lister na wenzake. Ukitaka kina cha mara 30, yaani kila herufi isomwe mara 30 kwa wastani, unasoma herufi zaidi ya bilioni 90 kwa kila mtu. Wakati huohuo, uchambuzi wa tishu nyingi uliotoka mwaka 2013 ulionyesha kuwa ni kama CpG moja kati ya tano tu ndiyo inayobadilika kutoka aina moja ya seli hadi nyingine. Unalipia sehemu kubwa ya bahari iliyotulia. Kwa atlasi, kwa spishi ambayo haijawahi kusomwa, kwa watu wachache mnaotaka kuwajua kwa kina, sawa. Kwa kulinganisha watu 200, hapana.

Nanopo imenibadilisha mawazo zaidi. DNA inapita kwenye tundu la protini, mkondo wa umeme unabadilika, na sitosini yenye methili ina alama yake. Hakuna kugeuza herufi, kwa hiyo mabadiliko ya kweli ya C kuwa T yanaonekana kama yalivyo, jambo ambalo kwa bisalfaiti unalijua tu ukiangalia uzi wa pili, kama una A au G. Haidroksimethili nayo inaweza kutenganishwa. Zaidi ya yote, uzi ni mrefu, maelfu ya herufi, hivyo unajua methili ipi iko kwenye kromosomu ya mama na ipi kwenye ya baba.

Faida hiyo inaonekana vizuri kwenye chapa ya wazazi, fani iliyofunguliwa mwaka 1984 na Azim Surani, mzaliwa wa Kisumu, na wenzake huko Cambridge, sambamba na kazi ya McGrath na Solter nchini Marekani. Walionyesha kwamba kiinitete cha panya hakikui kwa jenomu mbili za mama wala mbili za baba. Lazima moja ya kila upande. Kwenye sehemu ya H19 na IGF2, jeni mbili zenye chapa hiyo, chipu itakuambia asilimia 50 na kunyamaza. Nanopo itakuonyesha nyuzi za baba zimejaa methili na za mama ni tupu.

MinION, mashine ndogo ya nanopo, inachomekwa kwenye kompyuta kwa USB na inaingia mfukoni, hivyo sampuli haina haja ya kuvuka mpaka. Aliyewahi kusubiri kibali cha kusafirisha DNA nje ya nchi anajua thamani ya hilo. Lakini haitoi jenomu ya binadamu ya kina cha mara 30 kwa seli moja ya kusomea (kibebeo chenye yale matundu). Kwa hilo unahitaji mashine kubwa zaidi, au uiagize programu yake ikatae nyuzi zisizotoka kwenye maeneo uliyochagua. Inataka DNA kama mikrogramu moja, ndefu na safi, ambayo haijawahi kupita kwenye PCR, maana PCR hunakili herufi na kuacha methili nyuma. Inataka pia kompyuta yenye kadi ya michoro (GPU) yenye nguvu. Na usifute faili za mkondo ghafi: programu za kutambua methili huboreshwa, na unaweza kurudi kuzisoma upya.

Kama jeni yako ni moja

Basi usinunue chochote kati ya hivyo. PCR ya methilesheni, iliyoelezwa na Herman na wenzake mwaka 1996, inahitaji bisalfaiti, jozi mbili za praima (vipande vya kuanzishia PCR; jozi moja ya DNA yenye methili, nyingine ya isiyo nayo), mashine ya PCR na jeli. Inajibu ndiyo au hapana, na ugeuzaji usiokamilika utakupa "ndiyo" ya uongo. Ukitaka asilimia, nenda kwenye pairosikwensi, inayopima CpG chache zilizokaa karibu kwa usahihi mzuri. Ndivyo kisiwa cha MGMT kinavyopimwa hospitalini kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo wanaopangiwa dawa ya temozolomide.

Jambo moja linahusu njia zote, na hakuna mashine inayolitatua: damu ni mchanganyiko wa seli. Mtu mwenye maambukizi ana neutrofili (aina ya seli nyeupe) nyingi, na neutrofili zina methilesheni yake. Kadiria uwiano wa seli, kwa njia ya kitakwimu ya Houseman ya mwaka 2012 au nyingine iliyoifuata, au hesabu seli siku uliyotoa damu. Uvimbe nao una nyama nzima ndani yake, kwa hiyo mwombe mpatholojia akuonyeshe pa kukwangua.

Tukarudi kwa yule mwanafunzi. Swali lake ni saratani, kwa hiyo visiwa vina jambo la kusema. Sampuli ni za binadamu, na 48 si nyingi. DNA ya fomalini imekatikakatika, kwa hiyo nanopo isingepata urefu wake, na RRBS ingekosa vipande vilivyovunjika kabla ya MspI kuvifikia. Tulichagua EPIC, pamoja na hatua ya ukarabati wa DNA iliyotengenezwa kwa ajili ya vipande vya nta: chipu 6, kila moja wagonjwa 4, uvimbe na nyama nzima ya mgonjwa yuleyule wakiwa chipu moja, nafasi zao zimepigiwa kura. Ametenga kiasi kidogo cha fedha kwa visiwa viwili au vitatu vitakavyojitokeza, avipime kwa pairosikwensi kwenye wagonjwa wengine. Kabla ya hapo ana kazi ya wiki mbili: kupima ubora wa DNA ya kila kipande kwa PCR. Vya zamani zaidi, kwa ninavyovijua, baadhi vitaanguka, na afadhali vianguke sasa kabla chipu hazijaagizwa.